Vardar, timu kubwa iliyovaa nguo za kuazima

Tarehe 13 Juni 2021, pale Bucharest, mpira ulimponyoka kipa wa Austria na Goran Pandev, miaka 37, alikuwa ameshafika, akausindikiza wavuni. Hilo ndo lilikuwa bao la kwanza la Masedonia Kaskazini kwenye mashindano makubwa tangu nchi hiyo izaliwe. Mechi walifungwa 3-1 lakini bao lile lilikuwa lao, hakuna wa kuwanyang'anya. Sasa wakati taifa linasherehekea, klabu kubwa kuliko zote nchini humo, Vardar ya Skopje, ilikuwa imetoka tu kushuka daraja. Na msimu mmoja nyuma ilikuwa bingwa. Bingwa 2020, daraja la pili 2021.

Ukiuliza imekuwaje utajibiwa haraka haraka kwamba tajiri aliondoka. Ni kweli, tajiri aliondoka. Ila jibu hilo naliona fupi mno kwa klabu ambayo imeanzishwa 1947, imekaa miongo kwenye ligi ya Yugoslavia, shirikisho ambalo Masedonia ilikuwa sehemu yake, ikipigana na kina Red Star, Partizan, Dinamo Zagreb na Hajduk, na kufikia 2020 ilikuwa na makombe 11 ya ligi ya nchi yake. Timu ya namna hiyo haifi kwa sababu mtu mmoja kafunga pochi, labda kama ilikuwa na shida ya muda mrefu ambayo pochi ile ilikuwa inaifunika. Mimi naona shida ya Vardar ni kwamba karibu kila kitu kikubwa ilichowahi kukishika mkononi hakikuwa chake. Ubingwa ulichukuliwa, mastaa walichukuliwa, uwanja ni wa serikali, hela ilikuwa ya mtu. Wahenga walishasema cha kuazima hakisitiri matako, na hata kikisitiri hakikosi matata, na sijaona timu ambayo historia yake inauthibitisha msemo huo kama hii.

Turudi nyuma kidogo. Vardar ni jina la mto unaokatiza katikati ya Skopje, upande mmoja mji wa zamani na soko lake, upande wa pili mji mpya, na katikati lile daraja la mawe ambalo kila picha ya Skopje lazima liwepo. Rangi zao nyekundu na nyeusi. Mwaka 1961 walichukua Kombe la Yugoslavia kwa kumfunga Varteks ya Varaždin 2-1 kwenye fainali, na kwa jamhuri ya kusini kabisa mwa shirikisho, ambayo huko Belgrade na Zagreb ilikuwa inaonekana ya pembeni, hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo. Likawapeleka Ulaya kwenye Kombe la Washindi ambako walikutana na Dunfermline ya Scotland, kocha wake Jock Stein, yule yule aliyekuja kubeba Kombe la Ulaya na Celtic 1967. Kule Scotland wakala tano bila, nyumbani Skopje wakashinda 2-0. Shikilia hayo matokeo mawili kwasababu yatajirudia sana, Vardar ugenini inachanika na nyumbani inakuwa timu nyingine kabisa.

Miaka miwili baadae, Julai 26, 1963, saa 11 na dakika 17 alfajiri, ardhi ikatetemeka. Watu zaidi ya elfu moja walikufa na sehemu kubwa ya mji ikawa kifusi. Kituo cha zamani cha treni nusu yake ilianguka, nusu iliyobaki wakaamua kuiacha hivyo hivyo, na saa kubwa iliyoko ukutani haijawahi kutengenezwa, mishale yake imeganda pale pale kwenye dakika ile mpaka leo. Sasa hivi ni makumbusho ya jiji. Skopje ikajengwa upya kwa misaada iliyotoka mashariki na magharibi, mchoro wa kitovu cha mji ukafanywa na msanifu Mjapani Kenzo Tange, nchi nyingi zikachangia. Mji wenyewe ulisimama kwa mikono ya wengi, na klabu ilikulia kwenye mji huo.

Tuje kwenye 1987 maana hapo ndo kidonda kilipo.

Ili uelewe 1987 lazima uanze na 1986. Raundi ya mwisho ya ligi ya Yugoslavia, Partizan na Red Star wanagombania ubingwa, Partizan akampiga Željezničar 4-0, Red Star nae akampiga Sarajevo 4-0, Partizan akawa bingwa kwa tofauti ya mabao. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mechi zimepangwa, magoli mengi mno siku moja. Bosi wa chama cha soka Slavko Šajber akafuta raundi nzima, akasema mechi zote zirudiwe. Partizan wakagoma, wakapewa kipigo cha mezani, Red Star ikatangazwa bingwa. Alafu msimu wa 1986-87 ukaanza kwa adhabu, klabu 10 za ligi kuu zikakatwa pointi 6 kila moja kabla hata mpira haujapigwa. Vardar haikuwemo kwenye zile 10. Wao mikono yao ilikuwa misafi, hilo ndo jambo ambalo watu wengi wanaosimulia hii stori wanalipita.

Wakacheza msimu wao. Kocha alikuwa Andon Dončevski, ambae baadae ndo alikuja kuwa kocha wa kwanza wa timu ya taifa ya Masedonia huru. Mbele alikuwepo kijana wa hapo hapo Skopje, Darko Pančev, ambae 1984 akiwa bado chipukizi alishakuwa mfungaji bora wa ligi nzima ya Yugoslavia kwa mabao 19. Nyuma alikuwepo Ilija Najdoski. Msimu ulipoisha, kwa msimamo ule wenye makato, Vardar ilikuwa juu ya wote. Bingwa wa Yugoslavia. Timu ya kwanza ya Masedonia kufika hapo, na mwaka huo huo ndo kikazaliwa kikundi cha mashabiki wao kinachoitwa Komiti, jina walilolitoa kwa waasi wa zamani waliopigana na Waturuki wa Ottoman.

Alafu mahakama ikaingia. Yale makato yakatenguliwa, pointi zikarudishwa, ubingwa wa 1986 na wa 1987 wote ukaenda Partizan. Kwenye vitabu Vardar haina ubingwa wa Yugoslavia hata mmoja. Lakini cha ajabu ni kwamba kwa Ulaya walishapelekwa kama bingwa, kwahiyo msimu wa 1987-88 wao ndo waliocheza Kombe la Ulaya, wakapangwa na Porto bingwa mtetezi, ile Porto ya Rabah Madjer wa Algeria aliyemfunga Bayern kwa kisigino kule Vienna. Tatu bila Ureno, tatu bila Skopje, wakatoka. Fikiria, unaenda Ulaya na tiketi ya ubingwa ambao nyumbani umeshaambiwa si wako.

Najua kuna hoja ya kisheria na sitaikwepa. Kama adhabu ya 1986 ilitolewa bila ushahidi wa kutosha basi kuirudisha pointi ilikuwa haki, na Partizan kweli uwanjani walikusanya nyingi kuliko Vardar. Nakubali. Ila mchezaji anacheza na msimamo anaouona ubaoni wiki hadi wiki, kocha anapanga kikosi kwa msimamo huo, mpinzani anakaza au analegea kwa msimamo huo. Ukibadilisha hesabu baada ya msimu kuisha, umebadilisha mechi ambazo zimeshachezwa. Vardar walishinda mashindano yaliyokuwepo. Mimi hapo nasimama na Vardar na nitasimama hapo siku zote.

Mwaka uliofuata, 1988, Pančev na Najdoski wote wawili wakachukuliwa na Red Star ya Belgrade. Mei 29, 1991 pale Bari, fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Marseille, dakika 120 bila goli, penalti ya mwisho ikamwangukia Pančev. Akapiga, Red Star bingwa wa Ulaya. Mguu uliolelewa Vardar ndo ulioleta kombe, kombe likalala Belgrade. Na msimu huo Pančev alifunga mabao 34 kwenye ligi, hakuna mfungaji Ulaya aliyetakiwa kubishana nae, lakini kukatokea mzozo kuhusu mabao ya mchezaji mwingine huko Cyprus, tuzo ya mfungaji bora wa Ulaya ikasimamishwa, na kiatu chake cha dhahabu alikuja kukabidhiwa 2006. Miaka 15! Kwahiyo sio klabu tu, hata mtoto wake alisubirishwa haki yake mpaka nywele zikaanza kubadilika rangi.

Yugoslavia ikavunjika, Septemba 1991 Wamasedonia wakapiga kura ya uhuru, na 1992 ligi yao wenyewe ikaanza. Vardar ikachukua ubingwa mitatu ya kwanza mfululizo, ule wa kwanza kabisa bila kufungwa. Ukisoma hivyo unaona raha lakini ukweli ni kwamba dari lilikuwa limeshuka. Ligi ya watu milioni 2, uchumi umevurugika, jirani wa kaskazini kawekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa, jirani wa kusini Ugiriki kafunga mpaka kisa jina la nchi, na UEFA yenyewe, shirikisho la soka la Ulaya, iliwapokea 1994 tu. Bingwa wa 1993 hakuwa na pa kwenda. Timu iliyozoea kucheza na Hajduk na Dinamo sasa inacheza mbele ya watu wachache na timu za miji midogo, mechi kubwa zinakuja mara moja kwa mwaka, kwenye raundi za mwanzo za Ulaya, kama ule mwaka 1995 walipokutana na Bordeaux ya Zidane wakatolewa. Na kwenye mchujo ukiteleza siku moja mwaka wako umeisha.

2003 walikaribia. Walianza na Barry Town ya Wales, wakapita, wakapewa CSKA Moscow. Hapo kila mtu alishawazika. Wakaenda Moscow wakashinda 2-1, nyumbani wakatoa 1-1, CSKA nje. Sio CSKA ya mchezo hiyo, miaka miwili baadae klabu hiyo hiyo ilibeba Kombe la UEFA pale Lisbon. Ikabaki hatua moja tu kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, mpinzani Sparta Prague. Nyumbani, kule ambako kawaida yao ndo wanakuwa wakali, wakafungwa 3-2, wakaenda Prague wakasawazisha 2-2, jumla 5-4 wametoka. Goli moja. Hela za makundi kwa klabu ya Skopje mwaka ule zingeweza kununua viwanja vya mazoezi, kujenga hosteli ya vijana, kulipa makocha wa watoto kwa miaka. Wakaangukia Kombe la UEFA, Roma ikawapiga nne bila, marudiano 1-1, basi.

Naitaja sana 2003 kwasababu ndo mara ya mwisho naona Vardar ilikuwa inapanda kwa miguu yake. Iliyofuata ilipandishwa kwa lifti ya mtu.

Mtu mwenyewe ni Sergey Samsonenko, mfanyabiashara wa Kirusi aliyejipatia hela kwenye biashara ya kubeti. Alianza na timu ya mpira wa mikono ya jina hilo hilo Vardar, na huko alifanya kitu ambacho hakuna atakayebisha, timu ya wanaume ilichukua ubingwa wa Ulaya 2017 kwa kumfunga PSG kwa goli moja sekunde za mwisho kabisa, ikarudia tena 2019. Kwenye soka alileta wachezaji kutoka Armenia, Georgia, Brazil, akalipa vizuri, ubingwa wa ligi ukaja 2015, 2016, 2017. Simlaumu mtu aliyetoa hela yake mfukoni. Wakati ule bila yeye Vardar ingekuwa timu ya kawaida tu, na mashabiki waliompenda walikuwa na sababu.

Na ule mwaka 2017, jamani. Julai wakatoa sare 1-1 Sweden kwa Malmö, wakarudi Skopje wakawapiga 3-1. Copenhagen wakafungwa 1-0 Skopje lakini kule Denmark Vardar ikala nne moja, ikatoka Ligi ya Mabingwa ikaangukia Europa League, na kwenye mchujo wa mwisho ikapangiwa Fenerbahçe. Fenerbahçe ya kina Škrtel, Valbuena, Soldado. Agosti 17 Skopje, 2-0. Nilikuwa nafatilia kwa simu, matokeo yanajisasisha yenyewe, kila nikitazama naona ile 2 imebaki pale pale nadhani labda mtandao umekwama. Wiki moja baadae Istanbul, uwanja umejaa, kila mtu anasubiri Vardar ichanike ugenini kama kawaida yake, wakashinda tena, 2-1. Klabu ya kwanza ya Masedonia kuingia hatua ya makundi Ulaya. Miaka 30 baada ya ule ubingwa ulioondolewa, safari hii hakuna mahakama ya kuingilia.

Ila makundi yalitoboa siri. Zenit ikaja Skopje ikawapiga tano bila. Real Sociedad ikaja ikawapiga sita bila. Nyumbani! Pale pale walipomlaza Malmö, Copenhagen na Fenerbahçe ndani ya wiki chache. Mechi ya mwisho wakatoa 1-1 na Rosenborg, pointi moja kwa mechi sita. Wengi walisema kundi lilikuwa gumu na ni kweli lilikuwa gumu, lakini nguvu ya Julai na Agosti ilikuwa ya kikosi kimoja kilichokaa pamoja na kocha mmoja, Čedomir Janevski, na kikosi kama hicho kikianza tu kuchoka au kusikia kwamba mwenye hela anafikiria kuondoka, nyuma yake hakuna kitu. Hakuna vijana wa kupandisha, hakuna benchi lililolelewa.

Kisha tajiri akaondoa mkono. 2018 na 2019 ubingwa ukaenda Shkëndija ya Tetovo. 2020 ligi ikakatishwa na korona, Vardar ikiwa juu ikapewa kombe, kombe la kumi na moja. Na hapa ndo pananiuma kuliko hata zile sita za Sociedad, bingwa huyo hakwenda Ulaya. Hakupata leseni ya UEFA. Ligi ya Mabingwa akaenda Sileks, akapigwa nne bila na Qarabağ. Yaani 1987 Vardar ilikwenda Ulaya na ubingwa ambao haikuruhusiwa kuuweka kabatini, 2020 ikaweka ubingwa kabatini bila ruhusa ya kwenda nao Ulaya. Mwaka uliofuata ikashuka daraja, mara ya kwanza tangu ligi ya Masedonia ianze.

Mtu atasema nchi ndogo, watu milioni 1.8, ungetegemea nini. Nawaelewa ila nakataa. Tazama nani walitoka kwenye kikosi cha Vardar cha kipindi kile cha makundi, Visar Musliu, Darko Velkovski, Boban Nikolov, wote walikuwemo kwenye timu ya taifa iliyoenda Euro, mashindano yale yale ya bao la Pandev. Nchi hiyo hiyo ndogo ilimfunga Ujerumani 2-1 kule Duisburg Machi 2021, na mwaka mmoja baadae ikaitoa Italia kwenye safari ya Kombe la Dunia kwa bao la Trajkovski kule Palermo. Eljif Elmas, mtoto wa Skopje, alipitia Rabotnički, klabu ya wafanyakazi wa reli ya mji huo huo, akauzwa Fenerbahçe, akafika Napoli akabeba ubingwa wa Italia. Pandev mwenyewe alijenga akademi kwao Strumica na timu yake ikachukua kombe la nchi 2019. Vipaji vipo tele. Swali ni nani kavijengea nyumba, na klabu yenye mashabiki wengi kuliko wote haimo kwenye jibu.

Kisha chukua Malmö. Hao hao waliofungwa 3-1 Skopje Julai 2017. Sweden kanuni za michezo zinataka wanachama ndo wawe na kura nyingi kwenye klabu, hakuna mtu mmoja anaeweza kuja kuibeba na kuondoka nayo. Malmö walilia wakaenda nyumbani, wakachukua ubingwa wa Sweden mwaka ule ule. Msimu wa vuli 2021 walikuwa makundi ya Ligi ya Mabingwa na Juventus, Chelsea na Zenit. Vardar, aliyewatoa, wakati huo huo alikuwa daraja la pili anacheza kwenye viwanja vya vijijini. Miaka minne tu imepita kati ya matukio hayo mawili. Kufungwa mechi hakukuwaua Malmö kwasababu timu ilikuwa imesimama juu ya kitu, na kushinda hakukuisaidia Vardar kwasababu hela ya ushindi haikugeuka kitu. Kushiriki makundi pekee kulikuwa na zaidi ya euro milioni 2 kutoka UEFA. Kwa ligi ya Masedonia hiyo ni hela ya kuanzisha maisha.

Uwanja nao. Ule uwanja mkubwa kwenye bustani ya jiji, kando ya mto, viti zaidi ya elfu thelathini, ndo uliochezewa Super Cup Agosti 2017 Real Madrid ikimfunga Manchester United 2-1. Ulikuwa unaitwa Philip II, tangu 2019 unaitwa Toše Proeski, jina la mwanamuziki wao kipenzi aliyefariki 2007. Unapendeza kwenye picha. Lakini sio wa Vardar, unatumiwa na timu ya taifa na Rabotnički pia, na kwa mechi ya ligi ya kawaida ni mkubwa mno, sauti ya Komiti inapotea hewani. Klabu isiyo na mlango wake wa kuuza tiketi, kibanda chake cha kuuza jezi, chumba chake cha kuweka makombe, itategemea mwenye nyumba na itategemea mfadhili siku zote. Wakijenga uwanja wa watu elfu 6 ulio wao mimi nitafurahi kuliko wakipewa bure ule wa elfu thelathini.

Walirudi ligi kuu msimu wa 2023-24 baada ya misimu miwili chini. Nimefurahi, sitaki kujifanya. Ligi waliyoikuta imebadilika, Shkupi imeshakuwa bingwa 2022, Struga imechukua 2023 na ikarudia 2024. Na tayari nasikia watu wanasema dawa ni kumpata mwekezaji mkubwa mwingine. Hapo ndo napata wasiwasi. Mwekezaji aje, ila aje akute kura za mashabiki zimeshafungwa kwenye katiba ya klabu, na sehemu ya kila euro ya Ulaya imeshatengwa kwa ajili ya watoto wa miaka 12 na 14 kabla haijafika kwa wakala wa mchezaji yeyote.

Msimu ukianza mimi sitaanza na msimamo wa ligi. Nitafungua orodha ya kikosi nihesabu wangapi wamezaliwa Skopje na wangapi kati yao wamekulia hapo hapo Vardar tangu wakiwa watoto, kama Pančev.